UZI: Kubadili vikombe na vijiko kuwa gramu, kwa wapishi wa Kigoma na wote mnaooka nyumbani

Mwokaji wa Ujiji

Habari za jioni wanajukwaa.

Nimeulizwa jambo hili na watu wengi wa hapa Kigoma, wateja na wapishi wenzangu, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja bora nifungue uzi ili kila anayetaka aukute hapa. Mtu anapata mapishi yameandikwa "vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha mafuta". Nyumbani ana mizani. Anataka kujua hivyo vikombe ni gramu ngapi.

La kwanza, ambalo ndilo linawaponza wengi: hakuna namba moja ya kugeuza kikombe kuwa gramu. Kikombe kinapima nafasi, mizani inapima uzito. Chukua kikombe cha kupimia cha mililita 250. Ukikijaza maji ni gramu 250. Ukikijaza unga wa ngano ni gramu 130 hivi. Ukikijaza asali kinapita gramu 350. Kwa hiyo ukikuta mtu kaandika "kikombe kimoja ni gramu 250" bila kusema cha nini, hiyo ni ya maji, na maziwa yanakaribia hapo. Ukiipeleka kwenye unga utaweka unga karibu mara mbili ya uliotakiwa, keki itoke kama tofali, halafu lawama zote ziende kwenye jiko au baking poda.

Namba ninazotumia mimi kwa kikombe hicho cha mililita 250 ni hizi. Sukari ya kawaida 210. Mchele mkavu 200. Mafuta ya alizeti 230. Majarini 240. Maziwa 257. Asali 355. Kakao ni nyepesi sana, 90 hadi 100. Unga wa mahindi sikupi namba moja kwa sababu usagaji unatofautiana mno, kuna uliolainishwa kabisa na kuna wenye chenga, unacheza kati ya 130 na 160.

Kwa vijiko, kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na cha chakula ni mililita 15. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6, baking poda gramu 4 hadi 5, hamira ya chenga gramu 3, iliki iliyosagwa gramu 2. Kijiko cha chakula cha sukari ni gramu 12 au 13, cha mafuta 14, cha asali 21.

Sasa unga wa ngano. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko makosa mengi yaliko. Fungua mfuko wa unga uliokaa dukani chini ya mifuko mingine. Umeshindiliwa, ukiugusa unashikana. Tumbukiza kikombe humo, kibonyeze kwenye ukingo wa mfuko, kitoe kimejaa, kipime: gramu 150, saa nyingine 160. Rudisha huo unga kwenye beseni, ukoroge kwa uma mpaka ulegee, uchote kwa kijiko uweke kwenye kikombe bila kukitikisa, kisha pitisha mgongo wa kisu juu kusawazisha. Kikombe kilekile, unga uleule: gramu 130, pengine 125. Ukiuchekecha kwanza ndipo ujaze, unashuka zaidi hata ya hapo. Mapishi yenye vikombe vinne vya unga yanaweza kupishana gramu 100 nzima kati ya wapishi wawili ambao wote wanaapa wamefuata maelezo. Mmoja donge lake linashika mikono, mwenzake linapasuka pembeni. Gramu zinaondoa ugomvi huo wote. Gramu 500 za unga ni gramu 500 ziwe zimeshindiliwa, zimechekechwa au zimemwagwa.

Na angalieni mapishi yametoka wapi. Kikombe cha Wamarekani ni mililita 237. Cha Australia ni 250, ila kijiko chao cha chakula ni mililita 20 na si 15. Kwenye chapati haitakusumbua. Kwenye keki inayohesabu baking poda kwa vijiko vya chakula itakusumbua.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kadiri ninavyojua.

Binti Mwanga

Asante sana dada kwa uzi huu. Nina mapishi ya keki ya Kimarekani, naomba unigeuzie. Unga vikombe 2 na robo, sukari kikombe 1 na nusu, siagi "stick" moja, mayai 3, maziwa kikombe 1, baking poda vijiko vya chai 2 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai. Hiyo stick ndiyo imenishinda kabisa.

Mwokaji wa Ujiji

Karibu mdogo wangu. Stick ni kipande cha siagi wanachouza kwao kimefungwa peke yake, kina gramu 113, sawa na nusu kikombe chao.

Kwa kuwa ni ya Marekani tumia kikombe cha 237, ambacho unga wake ni gramu 125 na sukari ni gramu 200. Unga wako unakuwa gramu 280. Sukari 300. Siagi 113, ukitumia majarini weka hiyohiyo. Maziwa 244. Baking poda gramu 11. Chumvi gramu 3.

Mayai usiyaache hivihivi. Mapishi yao yanahesabu yai kubwa, ambalo likivunjwa ganda likatupwa linabaki gramu 50. Yai letu la kienyeji mara nyingi halifiki hapo. Vunja mayai kwenye bakuli juu ya mizani mpaka ufike gramu 150. Yakiwa manne, sawa. Ukizidi kidogo, yapigepige kwanza ndipo upunguze, vinginevyo utaondoa ute peke yake.

Bibi wa Gungu

Wanangu, mimi nimepika shughuli za watu kabla hamjazaliwa, na mizani jikoni kwangu haijawahi kuingia. Tulikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na mkono unajua wenyewe. Pilau la watu mia halikuwahi kuharibika. Hizi gramu mnazitafutia nini?

Mwokaji wa Ujiji

Shikamoo bibi.

Kwenye wali na pilau uko sahihi kabisa, na ninataka wote wasome ulichosema kwa sababu kina hesabu yake. Ukisema mchele kipimo kimoja na maji vipimo viwili, halafu ukatumia chombo kilekile kwa vyote viwili, haijalishi chombo ni kikubwa au kidogo. Kopo la maziwa, bakuli, pishi, uwiano unabaki uleule. Ndiyo maana pilau la bibi haliharibiki.

Ila kuna mtego hapo kwa wenye mizani. Uwiano wa moja kwa mbili wa vikombe si moja kwa mbili wa gramu. Kikombe cha mchele ni gramu 200, vikombe viwili vya maji ni gramu 500. Kwa mizani ni moja kwa mbili na nusu. Ukipima mchele kilo moja ukatia maji kilo mbili ukidhani umefuata kipimo cha bibi, wali utatoka na kiini.

Gramu nazitafuta mimi kwa sababu ya mikate, keki na maandazi ya kuuza. Mteja akila andazi leo na akirudi wiki ijayo anataka lilelile, ukubwa uleule na utamu uleule, hata kama siku hiyo aliyekanda ni msaidizi wangu.

Bibi wa Gungu

Marahaba mjukuu wangu. Hilo la maji ya wali umelieleza vizuri. Endelea.

Dagaa Kibirizi

Mkuu mimi napinga kidogo. Huku mwaloni, kwenye soko la samaki, bidhaa inakwenda kwa sado (kindoo cha kupimia) na debe, na naona ndiyo haki kwa mnunuzi. Dagaa akipimwa kwa kilo, mtu mjanja atakuuzia ambao hawajakauka vizuri. Maji yana uzito. Au atakuuzia walioanikwa chini, mchanga umo ndani, na mchanga una uzito kuliko hata huyo dagaa. Sado inaonekana kwa macho: imejaa au haijajaa.

Mwokaji wa Ujiji

Kaka, hoja yako ni ya kweli na siipingi. Mizani haijui kama gramu ilizosoma ni za dagaa, maji au mchanga. Kwa dagaa kagua kwanza kwa mkono na pua, ndipo uzungumzie kipimo. Wa kwenye kichanja na wa mchangani si bidhaa moja hata kama kilo ni ileile.

Lakini sado nayo ina mchezo wake. Wote tumeona sado iliyobonyezwa kitako, na tumeona anayemwaga dagaa kwa kuwapeperusha ili wasilaliane, chombo kijae hewa. Dagaa mkavu ana nafasi nyingi katikati, kwa hiyo sado mbili zilizojaa vilevile zinaweza kupishana uzito bila mtu kuona kwa macho.

Kwa jikoni, dagaa mpime baada ya kumchambua, kumtoa vichwa na kumpepeta mchanga. Ukiandika mapishi andika "dagaa gramu 200 waliochambuliwa", hapo hakuna atakayepotea.

Na kwa kuwa sado imetajwa: ya lita 4 ikisawazishwa juu bila kilele, mchele unaingia kilo 3.2 hivi. Maharage ni kati ya 3 na 3.2. Unga wa sembe ni kilo mbili na ushee tu. Kilele ni nyongeza ya muuzaji, kinategemea mkono wake na uso wako.

Nyuki wa Urambo

Salamu kutoka Tabora. Umetaja asali mara mbili, nashukuru, maana huku ndiko nyumbani kwake. Naomba niongeze kwa upande wa biashara halafu nikuulize la jikoni.

Watu wengi wanakuja kununua asali wakidhani lita ni kilo. Sivyo. Lita moja ya asali nzuri ni kilo 1.4 kwa makadirio. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28. Kwa hiyo mmoja akikuuzia kwa lita na mwingine kwa kilo, na bei ni ileile, wa lita anakupa karibu nusu zaidi. Uliza kwanza anauza kwa kipi kabla hujamwambia punguza. Asali yenye maji mengi ni nyepesi zaidi, na ndiyo inayochachuka upesi, kwa hiyo kupima lita moja kwenye mizani kunakusaidia kuijua.

Swali langu: mke wangu anataka kutoa sukari kwenye keki aweke asali. Aweke kikombe kwa kikombe?

Mwokaji wa Ujiji

Asante kwa hiyo ya ndoo, inafaa kuwekwa juu kabisa kwenye uzi.

Hapana, asiweke kikombe kwa kikombe. Chukua ile keki ya Binti Mwanga hapo juu yenye sukari gramu 300. Tuseme shemeji anataka kutoa nusu, gramu 150, aweke asali. Sukari hiyo ingejaza robo tatu ya kikombe cha Kimarekani. Akijaza nafasi ileile kwa asali ataweka gramu 250, keki iwe tamu kupita kiasi, ilowe katikati na iungue juu.

Kwa uzito hesabu inakaa vizuri. Asali karibu sehemu moja ya tano ni maji, iliyobaki kwa sehemu kubwa ni sukari. Kupata sukari ya gramu 150 anahitaji asali gramu 185 hadi 190. Ndani yake kuna maji gramu 37 hivi, kwa hiyo apunguze maziwa kiasi hicho: badala ya 244 aweke 207. Na moto aushushe kidogo, asali inabadilika rangi mapema.

Akipake kijiko mafuta kabla ya kuchota, asali itateleza yote. Akiwa na mizani hana haja hata ya kijiko. Aweke bakuli juu, arudishe sifuri, amimine moja kwa moja.

Mgeni Jikoni

Na sisi ambao hatuna mizani je? Nakaa Uvinza, natumia kikombe cha bati cha chai.

Mwokaji wa Ujiji

Unaweza kujitengenezea jedwali lako bila kununua chochote.

Nunua unga wa ngano wa kilo moja uliofungwa kiwandani. Umwage kwenye beseni, ukoroge ulegee, uhesabu vikombe vyako vya bati unavyopata ukichota kwa kijiko na kusawazisha. Tuseme vimetoka vitano. Basi kikombe chako cha unga ni gramu 200, na kinakaribia mililita 400. Vikombe vya bati vinatofautiana sana, ndiyo maana siwezi kukupa namba yake nikiwa huku. Fanya hivyo kwa sukari pia, na mchele. Andika kwenye karatasi bandika ukutani. Jedwali hilo ni la kikombe hicho peke yake, usimwazime mtu kikombe kisha ukatumia kingine.

Ukipata mizani ya kuazima kwa siku moja ni rahisi zaidi. Weka kikombe kitupu, rudisha sifuri, jaza maji mpaka ukingoni. Gramu utakazosoma ndizo mililita za kikombe chako. Ukishajua hivyo, kazi iliyobaki ni kuzidisha: mililita za chombo mara uzito wa mililita moja ya kiungo. Unga wa ngano 0.52, sukari 0.84, mchele 0.8, mafuta 0.92, majarini 0.96, maziwa 1.03, asali 1.42. Kikombe chako cha 400 kikijaa sukari: 400 mara 0.84, gramu 336.

Mwalimu wa Sayansi

Hesabu zako zimekaa sawa mkuu. Naomba nitahadharishe jambo moja kuhusu mizani hizi ndogo za betri zinazouzwa sasa. Nyingi zina kitufe cha kubadili kutoka gramu kwenda mililita. Watu wanabonyeza hapo wakiweka mafuta au asali na kuamini namba inayotoka. Mizani haiwezi kupima ujazo. Inapima uzito, halafu inadhani ulichoweka ni maji. Nyingine zina alama ya maziwa, nayo ni dhana vilevile. Ukiweka asali ikaandika mililita 355, hizo ni gramu 355, ujazo wake ni mililita 250. Kaeni kwenye gramu.

La pili, mizani inayosoma gramu moja moja haiaminiki kwa vitu vidogo. Ukiidondoshea hamira kidogo kidogo inaweza kukaa kwenye sifuri kisha ikaruka ghafla mpaka 4.

Mwokaji wa Ujiji

Mwalimu umenisaidia sana hapo kwenye mililita, nilikuwa naulizwa sipati namna ya kulieleza.

Kwa vitu vidogo, ama endelea na kijiko cha kupimia kilichosawazishwa, ama pima vijiko kumi pamoja ugawe kwa kumi. Kwa anayeoka unga kilo moja, kupima hamira kwa kijiko kunatosha kabisa. Sina ugomvi na kijiko kwa iliki, mdalasini au vanila.

Kuihakiki mizani: mimina maji kwenye chombo cha kupimia cha lita moja, yapime, inatakiwa isome karibu na 1000 ukishaondoa uzito wa chombo. Iweke mezani pagumu, si juu ya kitambaa. Betri ikichoka namba zinaanza kucheza.

Na hizi ni za jikoni tu. Ukiuza kitu kwa kilo unatakiwa utumie mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, yenye stika yao.

Mama Wawili Kasulu

Dada yangu nina kazi ya harusi, nimepewa oda ya maandazi 300. Mapishi yangu ni ya kilo moja ya unga. Nimejaribu kuzidisha vikombe nimechanganyikiwa, maana sijui hata kilo moja inatoa maandazi mangapi, siku nyingine 30, siku nyingine 40. Halafu kuna anayetaka nichanganye na unga wa muhogo. Naomba nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mwokaji wa Ujiji

Mama hongera kwa oda. Hapa ndipo gramu zinapolipa, twende pole pole.

Usianze na unga. Anza na andazi moja. Amua donge la andazi likiwa bichi liwe na uzito gani. Tuseme gramu 50, litakuwa la wastani. Maandazi 300 mara 50 ni gramu 15,000, kilo 15 za donge zima.

Sasa tazama mapishi kwa uzito. Haya ni ya kwangu, ukitaka weka yako: unga 1000, sukari 150, hamira 10, chumvi 5, mafuta 60, tui la nazi 525. Jumla 1750. Kwa hiyo kilo moja ya unga inakupa donge la gramu 1750, ukigawa kwa 50 ni maandazi 35. Ulikuwa unapata 30 au 40 kwa sababu ulikuwa unakata kwa macho.

Gawa 15,000 kwa 1750, unapata 8.57. Hiyo ndiyo namba ya kuzidishia kila kitu. Unga kilo 8.57. Sukari kilo 1.29. Hamira gramu 86. Chumvi gramu 43. Mafuta gramu 515. Tui kilo 4.5. Ongeza nusu kilo ya unga pembeni wa kunyunyizia mezani, huo usiuingize kwenye hesabu. Na tengeneza donge la maandazi 310, yapo yatakayoungua na yapo watakayokula watoto.

Usikande kilo zote kwa mara moja kama uko peke yako. La kwanza litakuwa limeumuka kupita kiasi wakati hujamaliza kukata la mwisho. Gawa mara tatu. Kipande cha kwanza ukishakisukuma na kukata, pima andazi moja moja mpaka macho yazoee, baadaye pima mojawapo mara kwa mara.

Tui usilimwage lote. Acha kidogo mkononi, unga hautofautiani kwa kampuni tu, hata kwa kukaa kwake kipindi cha mvua. Lakini ukishapata kiasi sahihi kwa fungu la kwanza, kiandike, mafungu mawili yaliyobaki yafuate hicho.

Muhogo: badilisha kwa uzito na si kwa kikombe, na anza na sehemu moja kwa kumi. Kwenye kilo moja, ngano 900 na muhogo 100. Muhogo hauna ule mvutano wa ngano unaoshika hewa, ukizidisha andazi halivimbi. Kwa harusi ya Jumamosi, mama, mimi ningekushauri usijaribu kitu kipya. Fanya fungu dogo nyumbani wiki nyingine.

Mama Wawili Kasulu

Mungu akubariki. Nimeandika yote. Kumbe ni kuanzia kwenye andazi. Tui nalipimaje, lita 4.5?

Mwokaji wa Ujiji

Amina. Weka ndoo juu ya mizani upime kilo 4.5. Tui zito na tui jepesi uzito wake unakaribiana na maji, kwa hiyo hata ukitumia chombo cha lita hutaharibu.

Mpenda Mawese

Mawese hujayagusa! Huku kwetu nusu ya vyakula ni mawese. Lita ni gramu ngapi? Na asubuhi ya baridi yakiganda?

Mwokaji wa Ujiji

Lita moja ya mawese ni gramu 900 na ushee kidogo, yakiwa ya moto yanapungua. Kikombe cha 250 ni gramu 225 hadi 230.

Yakiganda kwenye dumu ndipo kikombe kinapokudanganya zaidi. Mazito yanashuka chini rangi ya chungwa iliyopauka, mekundu laini yanabaki juu. Ukichota juu unapata mafuta ya namna moja, ukichota chini namna nyingine, na kijiko cha yaliyoganda kina mashimo ya hewa. Weka dumu kwenye beseni la maji ya moto mpaka yote yayeyuke, tikisa, ndipo umimine kwenye mizani. Mkate wa mawese unatoka vizuri sana kwa gramu 60 kwenye kilo ya unga, rangi yake inapendeza yenyewe.

Mgeni Jikoni

Dada nimerudi. Nimepima kwa ile njia ya mfuko wa kilo, kikombe changu kimetoa vikombe vitano na robo. Swali la mwisho: chumvi yetu ya hapa Uvinza ni ya mawe mawe, mapishi ya mkate yanasema vijiko vya chai vitatu kwa kilo. Nikiweka vitatu mkate unakuwa umepooza.

Mwokaji wa Ujiji

Vizuri sana, basi kikombe chako ni gramu 190 za unga, andika hiyo.

Chumvi: mapishi yako yamehesabu chumvi laini, gramu 6 kwa kijiko, jumla 18. Ya mawe mawe ina hewa katikati ya chembe, kijiko kimoja kinabeba pungufu, ndiyo maana mkate unapooza. Chumvi yenyewe haina kasoro, gramu kwa gramu inakoleza sawa na ya pakiti. Isage kwenye kinu mpaka iwe laini kama ya dukani, kisha weka vijiko vyako vitatu vilivyosawazishwa. Au ukiazima mizani, pima gramu 18 zikiwa hivyohivyo mawe, uziyeyushe kwenye maji ya kukandia kabla ya kuyamimina kwenye unga, maana chembe kubwa hazimaliziki kuyeyuka ndani ya donge na utazikuta mdomoni.